Herufi Iliyogeuka

Hati inasema nyumba hii ni yangu.
Kibao cha shaba kando ya mlango kinasema
ni ya mji, ni ya Bohemia yote,
ni ya wajukuu wa watu nisiowajua,
nami nimebaki mpangaji wa kuta zangu mwenyewe.

Siruhusiwi kubadili dirisha.
Kioo kilipasuka Oktoba, nikaomba kibali,
nikajibiwa Machi. Theluji ilishaingia zamani
ikajilaza jikoni kama mgeni asiyejua kuaga.
Rangi ya mlango ina namba. Misumari ina umri.
Hata kigae kikianguka, kinaangukia ndani ya jalada.

Waliojenga walikuwa wauza vitambaa,
mwaka elfu moja mia tano sitini na moja.
Ukuta waliupiga lipu mara mbili:
ya chini nyeusi, imekorogwa na mkaa,
ya juu nyeupe, chokaa ingali mbichi,
kisha fundi akapanda na ukucha wa chuma
akakwangua weupe mpaka giza likatoka.
Likatoka na majani, na simba mwenye uso wa mbuzi,
na mwanamke mnene anayemimina divai
isiyofika kikombeni
hadi leo.

Na juu ya mlango, dua:
Mungu ailinde nyumba hii na moto, na mafuriko, na majeshi.
Ofisi hawakuitaja.

Ndani ya dua hiyo herufi moja imegeuka,
N inayotazama ilikotoka,
kama mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.
Fundi hakujua kusoma, wanasema wataalamu.
Mimi nadhani alijua.
Nadhani alikuwa na njaa, jua linamkimbia,
na chokaa ikishakauka haisikii la mtu.

Radovan, mume wangu, hakuivumilia ile N.
Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji,
miaka thelathini akizishika herufi za risasi kinyumenyume
ili sisi tusome sawasawa.
"Hii," alisema, "ni ya kiwandani kwetu. Ilitoroka."
Usiku mmoja wa Agosti, bia zimemzidi kidogo,
akaegemeza ngazi ukutani.
Nani alimshikia ngazi?
Mimi.
Nikasikia kisu kikigusa lipu, kwaa, mara moja tu.
Kisha kimya, kirefu hata nikamwita.
Akashuka na vumbi jeupe kwenye nyusi.
"Alikandamiza sana, Bohumila," akasema.
"Mkono wake bado umo."
Hakupanda tena, wala hatukulizungumza.

Kiangazi hiki, mwaka wa sita tangu tumzike,
alikuja kijana wa ofisi, Dobeš,
na taa yake na kioo cha kukuzia,
akakaa juu ya jukwaa siku tatu
akitafuna mkate wa siagi usawa wa dirisha langu la kulala.
Leo nimeletewa ripoti, kurasa arobaini na moja.
Ukurasa wa kumi na tisa:

Kando ya N, mkwaruzo mmoja wa mshazari, sentimita nne.
Umri wake haujulikani. Aliyeuchora hajulikani.
Yamkini fundi alitaka kujisahihisha, akaghairi.
Uhifadhiwe. Usijazwe. Usiguswe.

Nimeusoma nimesimama, koti mwilini,
nikaurudia, nikaketi.
Kalamu ninayo. Anwani yao naijua kwa ghibu,
baada ya barua zote zile za kioo.
Nimeteleka maji ya chai.

Nje watalii wanapiga picha.
Mmoja anainyooshea ile N kidole, anacheka,
anamwita mwenzake aje aone.
Nimefungua dirisha, lile lenye kibali.
Kushoto kidogo, namwambia, kwa lugha asiyoijua.
Tazama kushoto kidogo.